Kabla Hujanunua Pampu Nyingine: Land Rover Yangu, Kitonga na Dizeli Isiyofika

Anayepanda Kitonga, ule mlima mkali wa barabara ya Morogoro kwenda Iringa, mara kwa mara anajua kwamba pale si mahali pa kuzimikiwa na gari. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na nyuma yako semitrela imejaa, dereva wake hataki kusimama kwa sababu akisimama hana hakika kama ataondoka tena. Mimi nilizimikiwa pale mwezi wa sita, saa nne asubuhi, nikiwa na magunia kumi ya vitunguu niliyopakia Ruaha Mbuyuni. Kijana niliyekuwa naye aliruka na jiwe mkononi kabla sijavuta hata hendibreki. Hatukusemezana. Honi za nyuma zilikuwa zinasema za kutosha.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 pikapu yenye injini ya 300Tdi, ile ya lita mbili na nusu yenye turbo na injekta pampu ya Bosch aina ya VE. Nawaandikia hasa wenye gari la namna hiyo, ingawa mwenye pikapu yoyote ya dizeli ya zamani, isiyo na kompyuta, atakuta mengi ya kwake humu. Ndani ya miezi sita nilinunua pampu mbili za kuvuta mafuta. Ya kwanza sikuihitaji kabisa. Ya pili niliihitaji kwa sababu tu nilikuwa nimenunua ile ya kwanza.

Tuanze na pampu yenyewe, maana wengi tunalipia kitu ambacho hatujawahi kukishika mkononi. Mafundi wanaiita pampu ndogo, au lifti pampu, isije ikachanganywa na pampu kubwa, yaani injekta pampu. Imekaa ubavuni mwa injini, imeshikwa kwa boliti mbili tu, na haina waya wowote. Ndani yake mna mpira mwembamba unaoitwa daiframu, springi, na vali mbili: moja ya kuingizia dizeli, nyingine ya kutolea. Kuna mkono wa chuma unaoingia ndani ya bloku na kuegemea kemshafti, ule mhimili wenye vinundu unaozungushwa na injini. Kemshafti ikizunguka inausukuma mkono, mkono unavuta daiframu, dizeli inanyonywa. Mkono ukiachiwa, springi inairudisha daiframu na dizeli inasukumwa mbele. Kwa nje kuna kimkono kidogo cha kupampia kwa kidole. Hicho kimkono ni rafiki yako porini, kumbuka mahali kilipo.

Safari ya dizeli ni hii: inatoka kwenye tangi, inapita kwenye sedimenta, kile kikombe cha kunasa maji na uchafu, kama gari lako linayo, inaingia pampu ndogo, inakwenda filta, inafika pampu kubwa, kisha nozeli zinazoipulizia ndani ya injini. Inayobaki inarudi kwenye tangi. Kipande cha kutoka tangi hadi pampu ndogo ni upande wa kuvuta. Baada ya pampu ndogo ni upande wa kusukuma. Ukishazitenganisha pande hizi mbili kichwani, nusu ya kazi umeimaliza. Mimi sikuzitenganisha, ndiyo maana nikalipa mara mbili.

Sasa kuna jambo moja linalowapoteza watu wengi, mafundi wakiwemo. Pampu kubwa ya VE ina kijipampu chake ndani, chenye visu vinavyozunguka, na chenyewe kina uwezo wa kunyonya dizeli. Kwa hiyo pampu ndogo inaweza kuwa imechoka, au mpira wa kupitishia dizeli unaingiza hewa, na gari bado likatembea. Tangi likijaa linatembea vizuri zaidi. Mimi nilizunguka Iringa mjini wiki nzima bila tatizo, hata kile kipande cha kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini nilikipita, kwa sababu kinaisha kabla gari halijamaliza dizeli iliyomo kwenye filta. Kitonga haiishi upesi hivyo. Ukikanyaga mafuta dakika kadhaa mfululizo ukiwa na mzigo, injini inakula kuliko inavyoletewa, na hapo ndipo deni linapodaiwa.

Dalili zilianza mapema kuliko nilivyokubali. Asubuhi za baridi gari lilikuwa linawaka, linakwenda sekunde kumi, linazimika, kisha linataka stata ndefu. Nikasingizia baridi. Iringa mwezi wa sita kila kitu kinasingizia baridi. Baadaye likaanza kupoteza nguvu nikikanyaga mafuta hadi chini, lakini nikipunguza mguu linarudi. Ukisimama dakika kumi, linawaka kama halijawahi kuumwa. Hiyo ya kurudi baada ya kupumzika ndiyo iliyopaswa kunistua.

Tazama na moshi. Injini ikikosa upepo, tuseme bomba la turbo limepasuka, itatoa moshi mweusi ukikanyaga. Ikikosa dizeli haitoi moshi wa maana, inanyong'onyea tu, kama mtu aliyepanda mlima bila kula. Na kama injini inazimika ghafla, mara moja, mithili ya taa iliyozimwa, usikimbilie pampu ndogo. Angalia kwanza waya wa ile swichi ya kukatia mafuta iliyo juu ya pampu kubwa. Waya ule ukilegea, injini inakufa hapohapo. Njaa ya dizeli haiui hivyo, inakuja ikijikwaa.

Basi siku ile ya Kitonga tulipampu kwa mkono, tukasubiri, tukawasha, tukapanda taratibu kwa gia ya pili hadi juu. Nikalipeleka gareji. Fundi alifungua boneti, akaegemea madigadi, akasikiliza nusu dakika.

"Bosi, pampu ndogo imekufa hiyo."

"Umejuaje?"

"Mbona ndiyo ugonjwa wake? Lete pampu, saa moja nakufungia."

Jibu la "ndiyo ugonjwa wake" ningelitilia shaka pale pale. Fundi hakupima kitu. Lakini nilikuwa na vitunguu juani na mteja anapiga simu, nikaenda dukani, nikanunua ya bei nafuu, ambayo ilikuwa kama theluthi ya bei ya ile nyingine iliyokuwa kabatini. Ikafungwa. Gari likawaka, likaenda vizuri, nikalipa, nikaondoka. Pampu ya zamani nikaiacha palepale juu ya meza ya gareji, kama wafanyavyo watu wasiojua thamani ya vitu vyao. Miezi mitano baadaye nilipokwenda kuiulizia, nikaambiwa ilishapata mtu.

Nisikudanganye, baada ya kufungwa ile pampu gari lilikuwa na nafuu ya kweli. Leo najua kwa nini. Kila unapobadilisha pampu unatoa hewa yote kwenye mfumo, unajaza filta upya, unakaza viungo vilivyokuwa vimelegea. Gari linaonekana limepona hata kama ulichobadilisha hakikuwa kibovu. Nafuu yangu ilidumu kama wiki mbili, kisha nikazimikiwa Ilula, mbele ya wauza nyanya, na watazamaji nilikuwa nao wa kutosha.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja jirani yetu, fundi wa siku nyingi ambaye siku hizi anashika spana akijisikia. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia umebadilisha pampu."

"Wiki mbili sasa."

"Na ugonjwa?"

"Ni uleule."

"Basi pampu umeionea." Akainuka kutafuta kofia yake.

Alikuja na vitu viwili tu: dumu safi lenye lita tano za dizeli, na kipande cha ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, ambao mafundi ujenzi wanautumia kupimia levo ya maji. Akafungua bomba linaloingia kwenye pampu ndogo, akaunga mpira wake pale, ncha nyingine akaitumbukiza ndani ya dumu. Mimi, mjuaji, nikalichukua dumu nikaliweka juu ya madigadi.

"Liweke chini," akasema. "Ukiliweka juu dizeli itajishukia yenyewe, hata pampu iliyokufa itaonekana nzima. Iache ivute."

Kipimo hiki ni rahisi hivyo, na tangu siku ile sijaruhusu mtu aguse pampu ya gari langu bila kukifanya. Dumu likiwa chini, pampu inalazimika kunyonya. Tukatoa hewa, tukawasha, tukapiga resi dakika kumi. Ndani ya ule mpira mweupe dizeli ilipita nyororo, bila hata povu moja. Kumbe pampu inavuta. Akazima injini, akarudisha bomba la gari, safari hii ule mpira mweupe akauunga katikati, kati ya bomba linalotoka kwenye tangi na pampu. Tukawasha tena. Vipovu vikaanza kupita, vidogo vidogo, kimoja kimoja, kisha mafungu mafungu kila alipoongeza resi. Hewa ilikuwa inatoka upande wa tangi.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Upande wa kuvuta hauvuji dizeli. Injini ikifanya kazi, mle ndani kunanyonywa, kwa hiyo kwenye ufa hewa ndiyo inaingia, dizeli haitoki. Unaweza kulala chini ya gari na tochi saa nzima ukitafuta unyevu usione hata tone. Upande wa kusukuma ndio unaovuja ukaonekana. Na gari likilala usiku, hewa inazidi kupenya taratibu, dizeli inarudi zake kwenye tangi, asubuhi unakuta bomba tupu. Ile stata ndefu ya asubuhi haikuwa na uhusiano na baridi.

Tulifuata bomba kwa mkono, kidogo kidogo, kuanzia kwenye pampu kurudi nyuma. Mzee hakuwa anatazama, alikuwa anapapasa. Pale bomba la chuma linalotoka kwenye chesi linapoungana na mpira unaopanda injini, chini ya klipu, mpira ulikuwa umekakamaa. Akaukunja kidogo. Ukafunguka ufa wa urefu wa ukucha. Ukiuachia, unajifunga, huoni kitu. Injini ikitikisika, ufa unafunguka na kujifunga.

Mpira mpya wa dizeli na klipu mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama halisi ya ugonjwa wangu. Hakikisha tu ni mpira wa dizeli kweli. Ule wa maji au wa upepo unalainika kwa ndani baada ya muda, unavimba na kuziba njia, nawe unaanza upya kutafuta mchawi.

Mengine ya upande huu nayataja haraka kwa kuwa hayakuwa yangu, ila yakague. Fungua mfuniko wa tangi mara gari linapokosa nguvu: ukisikia pumzi ndefu inaingia, tundu la hewa la mfuniko limeziba kwa matope. Mwaga maji ya sedimenta, hasa kama unanunua dizeli ya madumu barabarani, nami simhukumu mtu, najua vituo viko mbali. Badilisha filta. Kama filta mpya inakuwa nyeusi ndani ya mwezi, kaoshe tangi.

Hadithi ingeishia hapo kama ile pampu ya bei nafuu ingekuwa pampu.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, nilichomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili imepita alama ya juu. Nilijua sikuongeza. Nikafuta, nikachomeka, nikachomoa tena: ileile, imepita kwa upana wa kidole. Injini ya zamani isiyokula oili ni ya kushukuru, lakini inayozalisha oili ni ya kuogopa. Nikaisugua kati ya vidole viwili, ikawa nyepesi kama maji ya wali, na nilipoinusa nilisikia harufu ya kituo cha mafuta.

Daiframu ilikuwa imepasuka. Ikipasuka, kila kemshafti inapousukuma ule mkono, dizeli kidogo inapenya upande wa pili na kushukia kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Gari linaweza kuendelea kutembea, na hapo ndipo hatari ilipo. Oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kuzilinda beringi za kranki. Na ikiongezeka sana, injini inaweza kuanza kuinyonya kupitia bomba la kupumulia na kuichoma kama mafuta, na injini ya dizeli inayojilisha yenyewe haizimiki kwa ufunguo. Ukikuta oili imepanda na inanuka dizeli, usiwashe tena, usiseme nitafika tu mjini. Mwaga oili yote, badilisha na filta ya oili, kisha ndiyo uende dukani.

Safari hii nilikwenda dukani na mzee. Anavyonunua pampu nimekuwa nikimsimulia kila anayeniuliza. Kwanza namba. Ya 300Tdi ni ERR5057, ya 200Tdi ni ETC7869. Kwa mbali zinafanana, na muuzaji atakwambia inaingia, usikubali. Pili hakutazama boksi kabisa. Boksi linachapishwa popote, alisema. Akaitoa pampu, akaziba tundu la kuingilia kwa dole gumba, akapampu kile kimkono mara tatu. Kidole kikanaswa, ngozi ikavutwa ndani. Akasubiri huku anaongea na muuzaji habari za mvua, kidole bado kimenaswa. Alipokiondoa, ikasikika "pu". Kisha akahamia tundu la kutokea, akaziba, akapampu taratibu na kusikilizia kama upepo unashika au unapotea.

Ya kwanza aliyopewa haikushika. Ya pili ilishika kidogo ikaachia. Muuzaji akaanza kununa: "Mzee, unanichezea mali." Mzee akamjibu kwa upole kwamba yeye ndiye anayechezewa na waliomuuzia. Ya tatu, ile ya bei kubwa iliyokuwa kabatini tangu mwezi wa sita, ilinasa kidole hadi kikabaki na alama ya duara. Tukalipa. Haikuchukua dakika kumi, na haikulowesha pampu hata kidogo, kwa hiyo muuzaji asikwambie haiwezekani. Akikataa usipime, una haki ya kukataa kununua.

Angalia pia namna pampu ilivyofungwa. Zile zilizoungwa kwa skrubu unaweza kuzifungua siku moja na kubadilisha daiframu ikipatikana. Zilizobanwa kwa kukunjwa bati pembeni, zikifa zimekufa.

Kufunga nilifunga mwenyewe, mzee amekaa kwenye ndoo akinielekeza. Si kazi ngumu, ila ina mitego.

Subiri injini ipoe, ondoa waya wa betri. Safisha kwanza sehemu yote kuzunguka pampu kwa brashi na dizeli kidogo. Nasisitiza hili kwa sababu ukishaitoa pampu unabaki na tundu linaloingia moja kwa moja ndani ya injini, na mchanga wa Iringa hauna adabu. Fungua mabomba mawili, weka alama lipi la kuingia na lipi la kutoka hata kama unajiamini. Ziba ncha kwa kitambaa safi au kipande cha nailoni. Spana ya 13 inatosha kwa zile mbili zinazoshika pampu. Pampu ikitoka, utando wa gasketi ukibaki umeng'ang'ania bloku, ukwangue taratibu, tundu ukiwa umeliziba kwa kitambaa ili vipande visidondoke ndani.

Weka gasketi mpya. Nilikuwa nimeshika tyubu ya silikoni mkononi, mzee akaichukua akaiweka mfukoni mwake. Silikoni ikizidi inajikunja kwa ndani, kipande kinakatika, kinakwenda kuziba njia ya oili. Gasketi ya karatasi na uso msafi vinatosha.

Sasa mtego mkubwa. Ukiingiza mkono wa pampu, lazima ulalie kemshafti upande ulio sawa, na kemshafti isiwe imesimama mahali inapousukuma. Ukiona pampu imebaki wazi sana, pengine upana wa kidole, na boliti ndizo zinazotakiwa kuivuta kwa nguvu, acha. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli ya kranki, ujaribu tena. Ikiwa mahali pake, utaisukuma kwa kiganja, utahisi springi inabonyea, na itakaa karibu kabisa na bloku. Wanaolazimisha kwa boliti ndio wanaovunja mkono wa pampu au kupasua masikio yake, kisha wanasema spea ni mbovu. Kaza boliti kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo.

Nati za mabomba zianze kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu, kabla hujagusa spana. Ikikataa kwa vidole imepanda vibaya, ifungue uanze upya. Bomba lililopandishwa uzi vibaya litavuta hewa, nawe utarudi kwenye aya ya kwanza ya makala hii.

Kutoa hewa: legeza nati ndogo ya kutolea hewa iliyo juu ya kichwa cha filta, funga kitambaa chini yake, upampu kile kimkono. Kama kimkono kinalegea tu bila kusukuma kitu, pampu haijafa, ni kemshafti imeshikilia mkono wa ndani. Zungusha injini kidogo, kitapata uzito. Jambo hili dogo tu limewafanya watu wengi warudishe dukani pampu nzima. Endelea kupampu hadi povu liishe na dizeli itoke safi, kaza nati, ongeza kama mara ishirini, kisha piga stata. Itakohoa, itashika.

Kabla ya kuridhika tulifanya kipimo kimoja zaidi, ambacho unaweza kukifanya hata kwa pampu unayoishuku sasa hivi: ondoa waya wa swichi ya kukatia mafuta ili injini isiwake, chomoa bomba linalotoka kwenye pampu ndogo, elekeza ndani ya chupa, mtu apige stata. Dizeli inatakiwa iruke kwa mapigo yenye nguvu, pu, pu, pu. Ikilialia tu kama bomba la mtaani wakati wa mgao, unajua.

Wananiuliza sana kuhusu pampu ya umeme. Wapo walioifunga na wanatamba nayo, na kweli inatoa hewa bila jasho. Lakini ukifunga, funga karibu na tangi kwa sababu pampu hizo zinasukuma vizuri kuliko zinavyovuta, weka fyuzi na relei, weka na swichi ya kuikata injini ikizimika kwa ajali, na tafadhali usichukue pampu ya gari la petroli la injekta. Presha yake ni kubwa mno, itatoa sili za pampu kubwa, na hapo ndipo utakapolia. Mimi nimebaki na ya kemshafti. Ikinisumbua nikiwa njia ya Pawaga naweza kuipampu kwa kidole gumba, na sihitaji kumwamini fundi umeme yeyote.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko kawaida nikachomoa dipstiki kabla ya kuwasha: oili katikati ya alama mbili, nyeusi kidogo, haina harufu. Nikapiga stata, likashika mara moja na baridi yote ile. Jumanne nikashuka Ruaha Mbuyuni, nikapakia magunia kumi, nikapanda Kitonga mguu chini, gari likiunguruma sauti moja hadi juu. Baada ya wiki nilizirudia zile boliti mbili kwa spana. Moja ilikuwa imelegea robo mzunguko.